Saa Moja

Walikuwa watano, na saa ilikuwa moja.
Tausi, Nyamizi, Leokadia Kalunde,
Skolastika Minza, na Mwamvua wa Isevya
aliyekuja zamu viatu mkononi
ili soli zisiliwe na mchanga wa Tabora.

Masista wa Kizungu kila mmoja alikuwa na yake,
imening'inia kifuani kama nishani.
Hawa watano waliitwa yaya, hata na vyeti vyao,
na yaya, alisema metroni, ana haja gani na dakika?
Akisie.

Basi wakacheza upatu.
Sumni ya Nyamizi, sumni ya Minza.
Mwamvua akauza asali ya kaka yake stesheni,
chupa kwa chupa, kwa abiria wa Kigoma,
mpaka siku mwenye duka alipofungua kabati la kioo
akauliza mara mbili: ni yenu?

Anayetoka alimbandika anayeingia,
saa moja asubuhi, saa moja jioni.
Chama kikapata jina bila kikao.

Mengine yamo daftarini, kwa kalamu za watu wengi:
Mwaka wa kipindupindu, Minza hakurudi kwake siku tisa.
Ada ya binti wa Leokadia, imelipwa yote.
Sanda ya Nyamizi, imelipwa yote.
Anayelia zamuni apewe chai kwanza, maswali baadaye.
Mwenzetu asizikwe na serikali peke yake.

Mimi ni wa mia na kumi na mbili.
Nisidanganye, nilijiunga kwa ajili ya mkopo.
Nilikuwa nataka bati.
Saa yenyewe nimeiona mara moja, ndani ya kopo la kahawa
kwa mweka hazina; fundi wa Gongoni
alikwisha sema hana dawa yake.

Juma lililopita wakaniletea Bibi Tausi,
kitanda cha nne, miaka tisini na ushei,
mwepesi kama shuka lililokauka juani.
Nikamshika kiganja, nikatoa simu,
nikahesabu nusu dakika,
nikazidisha kwa mbili, nikaandika.

Mkono wake haukuniachia.
"Umenipunja," akasema.
"Nimekupunja nini, bibi?"
"Nusu. Ule mshale
tuliununua uzunguke wote."

Wagonjwa arobaini, wauguzi wawili.
Dripu ya kitanda cha tisa ilikuwa ikiishia,
mtoto wa mtu alikuwa akiniita dada, dada,
na huko stesheni treni ilikuwa ikibadilishwa kichwa,
vyuma vikigongana kama sufuria za jirani.

Nikavuta stuli.
Moja. Mbili. Tatu.
Midomo yake nayo inahesabu, macho darini.
Tulipopita hamsini, pigo moja halikuja.
Nikalingoja. Likaja lililofuata,
limechelewa, halina haraka, kama treni yetu.
Kisha jingine likaruka.
Yote mawili yalikuwa yamekaa
katika ile nusu niliyomdhulumu.

Nikafuta nilichoandika. Nikamwita daktari.
Bibi alikuwa ameshafumba macho, si kwa kufa,
kwa kuridhika, au kwa uchovu tu, sijui;
daftari halina safu ya jambo hilo.

Jioni mwenzangu wa usiku akaingia, anafunga vifungo,
mwajiriwa mpya, pete bado inang'aa.
Sikuwa na cha kumbandika kifuani.
Nikamwambia: kitanda cha nne,
dakika nzima.