Nne ya Pau

Shangazi Bakhita alipozikwa Bombo
tuligawana: daftari kwangu, karata kwa Zamuda.
Ndiyo maana hatuwezi kugombana tukaachana.
Mimi nina maana bila picha,
yeye ana picha, na maana anaziokota popote.

Daftari ni la shule, jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma.
Ndani mwandiko wake umelala upande kama mvua ya upepo,
na ukurasa wa kwanza ndio aliotukaririsha:

*Kopa ni moyo wa mtu, uru ni dhahabu, nguo,*
*shupaza ni jeneza tu, pau ni riziki, vuo;*
*usitie neno letu, usivuruge vituo,*
*majibu si yako katu, u ulimi tu, si chuo.*

Nikakariri. Tisa ya shupaza: msiba.
Ree ya uru: bahasha. Gulamu wa kopa: kijana wa ahadi nyingi.
Zamuda hakushika hata mstari.
Alikaa akisuka tabaga, ukili mwekundu, wa kijani, tena mwekundu,
na alipoulizwa anafuata kielelezo gani, alisema,
"Naangalia wenyewe unataka kwenda wapi."

Jumanne moja akaja Perusi, mke wa askari.
Miezi saba simu ya mumewe haipatikani.
Aliweka elfu tano chini ya kisahani;
malori ya Gulu yalikuwa yakitikisa dirisha.
Zamuda akachanganya, Perusi akakata,
ikatoka nne ya pau.
Si ile ya kweli, iliyopotea kabla hatujazaliwa.
Hii ni kipande cha boksi la biskuti,
maua manne ya kalamu ya bluu, moja limefifia.

Nikafungua daftari. "Barua iko njiani."
Perusi akashusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo.

Zamuda hakuitazama kadi.
Alitazama vumbi jekundu lililompanda mgeni hadi kwenye vifundo.
"Umekuja kwa miguu," alisema. "Baiskeli yake umeiuza lini?"

"Ijumaa," alisema Perusi,
akalia kilio ambacho hakikuwa cha mtu anayengoja barua.

Usiku nikamwambia dada yangu:
hiyo si karata, huo ni umbea wenye macho.
Akajibu: na lako ni daftari la madeni
ya watu waliokwisha kufa.

Sikulala. Nikapekua kwa mwanga wa simu,
na pembeni, kwa penseli niliyokuwa nikiiona uchafu,
mwandiko uleule wa kulala upande:
*msiba* umekatwa, na chini yake
*au amechoka tu. Muulize kama amekula.*
Ukurasa baada ya ukurasa, mikato.
Zamuda sikumwambia.

Juzi, kabla ya kwenda Mulago kuchukua majibu ya titi,
alizipanga mwenyewe, saba, mkekani.
Akazitazama mpaka chai ikafanya utando.
"Sioni kitu," alisema. "Naona karata.
Nisomee kilichoandikwa."

Tisa ya shupaza ilikuwa katikati.
Nikafungua, nikaweka kidole pembeni, penye penseli.
"Umekula?" nikamuuliza.