Mabaka Mawili

Muuzaji wa Barabara ya Saba ametandaza kadi zake mezani
kama mcheza karata asiye na haraka.
"Rangi ya maziwa," asema, "hukikuza chumba.
Hii nzito hukibana."
Sikumwomba chumba kikue.
Naomba kilale, saa nne asubuhi,
jua la Chumbageni likiwa limesimama dirishani
kama mdai.

Mimi ni wa zamu ya usiku, Bombo.
Weupe nimeushiba: shuka, kuta, gauni langu,
taa ndefu inayovuma juu ya vitanda kumi na vinne
mpaka alfajiri.
Nikifika nyumbani nataka damu ya mzee,
au ile buluu ya wino wa shule,
rangi inayofumba macho kabla yangu.

Shekue hataki kusikia.
Yeye hurudi kutoka kiwandani Pongwe na saruji kwenye kope,
hulala usiku, kitanda kile kile,
ubavu wangu umeshapoa.
"Peusi hapaonyeshi mbu," asema.
"Na umeme ukikatika? Ukuta mweupe
hukubakizia kidogo."
Ana hoja. Nikainyamazia.
Kisha nikamwambia, weupe hauna siri:
hutunza kila kiganja cha mtoto,
mafuta ya nazi ya kila kichwa kilichouegemea.
Akacheka. "Basi na utunze."

Tukanunua makopo mawili madogo, ya kujaribia.
Jumapili, siku pekee tunayokutana macho yote manne yakiwa wazi,
akapaka baka lake kushoto mwa dirisha,
nikapaka langu kulia.
Tukarudi kinyumenyume hadi mlangoni, tukakodoa
kama wageni walioletewa picha ya bibi harusi
wakaulizwa, mnaonaje?
Yakauke kwanza, tukasema. Tutaamua yakikauka.

Yalikauka kabla ya chai.
Ikaja ada ya Mwanakheri. Ukaja msiba wa Muheza.
Ikaja masika, na ukungu wake pembeni mwa dari,
rangi ya tatu ambayo hakuna aliyeichagua.
Ndoo kubwa haikununuliwa.
Brashi imekauka, imekuwa ngumu kama mswaki wa marehemu.

Siku hizi mchana nalala nimeligeukia baka langu.
Nalikazia macho mpaka linatanuka,
linapanda juu ya dirisha, linameza jua,
nami nazama.
Usiku simwoni, lakini godoro huninong'oneza:
shimo la bega lake liko upande wa pili,
upande wa maziwa.

Juzi nimerudi, nimevua viatu,
nikamkuta mbu kapondwa pale katikati ya weupe wake,
kanyooka, na tone la damu.
Yangu ya mchana, au yake ya usiku,
nani ajuaye.
Nilikwenda kuchukua kitambaa.
Nikakaa kitandani nacho mkononi.
Sikuifuta.