Dole Gumba la Mzizi

Mahindi ya mama, mwaka ule, yalivaa zambarau.
Si maua. Majani, kuanzia nchani,
kama midomo ya mtoto aliyeoga ziwani kupita kiasi.
Jirani yetu Luhende akasema ni jicho la mtu.
Bwana shamba akasema ni fosforasi,
akataja bei ya mfuko, akawasha pikipiki.

Mama akabaki na luseni yake,
mchanga uliomeguka kwenye majabali
kabla ya mtu yeyote kuyapa majina,
akauliza:
"Sasa hicho kitu, udongo hauna kabisa,
au unacho, unaninyima?"

Swali hilo ndilo lililonifikisha Ukiriguru.

Mimi Ng'washi, binti Lugembe, ninaosha chupa.
Napima udongo gramu moja moja,
nauchanganya na dawa, naufunika, nausubiri saa nzima
kwenye joto la thelathini na saba, joto la kwapa.
Kisha natia magadi makali, nachuja,
na maji yanageuka njano,
njano ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji.
Ikikolea, ujue humo mlikuwa na kazi.
Ikififia, pole.
Naandika. Mali bila daftari, wanasema,
nami mali yangu yote ni rangi.

Nikampigia mama, mtandao ukikatika katika:
Unacho. Umekificha.
Kingine kimeng'ang'aniwa na chuma,
kingine kimo ndani ya samadi ya zamani,
ndani ya mizizi iliyokufa, ndani ya panzi wa mwaka juzi,
kimekaa humo kama punje kwenye gunzi.

"Gunzi?"

Gunzi, mama. Na mzizi hauna meno.
Basi unatoa kimeng'enya,
kitu ambacho hata hadubini yetu haikioni,
kinaliendea gunzi na kulipukuchua,
punje hii, punje ile,
mzizi unaokota,
chenyewe hakiliwi, hakiishi kwa kazi moja,
kinahamia gunzi jingine.

Akanyamaza. Nikasikia ta, ta-ta, ta,
mahindi yakidondoka kwenye sufuria.
Kumbe muda wote alikuwa anapukuchua.
"Ina maana," akasema, "mzizi nao una dole gumba."

Nimesoma miaka mitatu.
Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Nikamwambia apande dengu,
pale luseni inapoanza kuingia mbugani,
mstari wa dengu, mstari wa mahindi.
Dengu ana mkono mwepesi,
hupukuchua kuliko anavyokula,
na kinachomponyoka, jirani hafukuzwi.
"Kama shemeji yako Holo," mama akasema,
akacheka mpaka salio likaisha.

Sisemi lilikuwa pipa la neema.
Mistari miwili ilisimama kijani.
Wa tatu, karibu na njia ya ng'ombe, ulibaki vilevile,
na mpaka leo sijui kwa nini.

Jumapili moja nilishuka Igombe kununua dagaa.
Magugu maji yalikuwa yamefunga mwalo,
manene, yenye afya ya kutukana,
na maua yake, nikasimama na mfuko mkononi,
maua yake yalikuwa zambarau ileile.
Kule shambani zambarau ya njaa,
hapa ziwani zambarau ya shibe,
na katikati mvua,
inabeba udongo wa juu kila msimu
bila daftari.

Sikumwambia mama hilo. Bado.

Jana amenitumia kopo la siagi kwa mtu wa basi,
limefungwa kwa kitambaa cha kanga.
Ndani, udongo wa mstari wa tatu,
punje moja ya dengu iliyoota njiani,
na karatasi, mwandiko wake wa kuinama:
Pima tena. Usinifurahishe. Niambie.