Mkono wa Kushoto

Jana hitimani, Limbani,
sinia la wali katikati, sisi watano tumelizunguka,
Ngwali akachota kwa mkono wa kushoto.
Mzee mmoja mgeni, nadhani katoka Micheweni,
akamkata jicho:
"We kijana, hukufunzwa?"

Tonge langu likasimama kooni.

Ngwali hakujibu.
Alinitazama mara moja tu, bila ya chuki,
kama mtu anavyotazama saa ya ukutani,
akaendelea kula.

Mwalimu wake nilikuwa mimi.

Aliletwa na mamake mwaka ule wa karafuu nyingi,
kila mwenye mikarafuu mitatu anaezeka bati
na akishaezeka anataka taa, feni, friji la kuuzia barafu.
Kazi zilinizidi. Mama akaja na kilo mbili za sukari:
"Akicheza mpige, Fundi Shaame, ila macho uniachie."
Nikapokea sukari. Nikapokea na mtoto.

Nikamfunza nini?
Kubeba ngazi. Kumenya waya kwa meno.
Kunifuatia sigara, na chenji asiiangushe.
Testa ilikuwa moja, nayo mfukoni mwangu.
"Wewe gusa kwa mgongo wa mkono," nilimwambia,
"ukikutupa, basi ujue uko hai."
Uko hai waya, au uko hai wewe, hakuuliza.
Wanagenzi wangu hawaulizi.
Nami sikuuliza kwa fundi wangu;
nilirushwa mara tatu, nikazihesabu kama vyeti.

Ule waya wa kijani na manjano
nilimwonesha namna ya kuukata na kuufutika kapuni.
"Huu pambo tu. Taa inawaka bila yake."
Mwenye nyumba kaulipia, sisi tunauuza nusu bei,
na jioni tunakula chipsi kwa waya wa ardhi wa watu.

Siku yenyewe tulikuwa Kizimbani, nyumba ya Bi Time.
Vuli imepiga usiku kucha, sakafu inatoka jasho,
na Ngwali kavaa ndara, moja imeshonwa kwa kamba.
Umeme ulikatika tangu asubuhi.
"Endelea," nikamwambia, "humo hamna kitu."
Meinswichi sikuizima.
Ya nini kuzima kilichokwisha kuzimika?
Nikatoka barazani kunywa kahawa.

Umeme wetu Pemba hutoka Tanga,
unapita chini ya bahari, gizani, na samaki juu yake,
na ukifika haupigi hodi.

Watoto wa mtaa wakaruka: "Umerudi! Umerudi!"
Redio ya jirani ikadakia katikati ya neno.
Nami nikatabasamu, wallahi,
kikombe mkononi, kashata mdomoni,
nikatabasamu kwa kuwa umerudi.

Halafu nikasikia ngazi.

Vidole viwili vilibaki hospitali, Chake.
Vitatu vimejikunja, havinyooki,
kama pweza aliyesahauliwa juani.
Mamake alikuja kumtazama macho kwanza,
moja, jengine,
akashusha pumzi, akaninyooshea mkono.
Kunishukuru.

Basi yule mzee wa sinia nilitaka kumwambia:
kafunzwa, bwana. Kafunzwa vizuri sana,
alishika kila nililompa.
Sikusema. Niliramba vidole vyangu vitano,
nikanawa, nikaitikia dua.

Leo asubuhi kaja mwengine, Makame, miaka kumi na saba,
kaacha skuli, ana haraka ya kupanda ngazi.
Umeme umekatika tena, mtaa mzima.
Nikampa testa yangu, aiweke mfukoni mwake.
Nikamwambia: kabla hujagusa kitu, kazime meinswichi.
Akacheka. "Fundi, si umekatika?"

Zima.

"Lakini, Fundi—"

Zima, mwanangu. Kisha njoo uniulize kwa nini.