Saa za Baridi

Kipimajoto kimepigiliwa kwenye nguzo ya zizi,
upande usioona jua.
Usiku wangu wa kwanza Barogi, bibi harusi
nisiyejua hata jina la ng'ombe,
nilimsikia baba mkwe akitoka na kurunzi,
akirudi, akiandika.

"Unaandika nini?" nilimuuliza asubuhi.
"Deni," akasema Jhabe Ram.
"Baridi tunayodaiwa na miti."

Mtufaha, alinifunza, hauamshwi na joto peke yake.
Upe joto la Januari, utakunyamazia.
Sharti kwanza ulipwe
saa elfu moja chini ya digrii saba,
usiku kwa usiku,
kibaba kisichojazwa kwa pupa.
Theluji ikianguka siku moja ikafika kiunoni,
kisha jua likaja kuomba radhi wiki nzima,
theluji hiyo ni mapambo tu.

Ndani ya kila tumba, chini ya magamba yenye manyoya,
yumo bawabu aliyekatazwa kufungua.
Baridi ndiyo inayomchosha.
Akishachoka, joto likibisha hodi
linakuta komeo limelegea.
(Hivi ndivyo ninavyoelewa mimi.
Bwana shamba alikuwa na maneno mengine,
akayachora kwenye karatasi, mvua ikailowesha.)

Mwaka jana tawi moja lilichanua
na jirani yake, shina lilelile, likaendelea kulala.
Nyuki wakaja, wakapiga mzunguko, wakaenda zao.
Maua mengine yakafunguka nyuma yao
kama watu waliofika harusini sufuria zikioshwa.

"Ng'oeni," anasema shemeji Tikkam.
"Pandeni mikomamanga.
Au twende juu, kwenye viazi,
baridi imehamia huko."
Anasema hivyo kama vile baridi ni mpangaji
aliyepata nyumba yenye mandhari bora.

Baba mkwe haandiki tena. Macho yamefunga ukungu.
Huuliza tu kutoka kitandani: "Ngapi?"
Nami huongeza kidogo.
Daftari lilisema mia sita na kumi na mbili,
nikahesabu upya kwa punje za maharage,
mia sita na kumi na mbili,
nikamwambia: mia nane.

Mwisho wa Februari nilikata vijiti vitano
kwenye mti mkongwe kuliko yote,
nikavifunga kwa gazeti lililoloweshwa,
nikavipeleka dukani kwa Lachho, kwenye friji yake,
baina ya pakiti za maziwa na soda za machungwa.
"Ni dawa?"
"Ni usingizi."
Akanitoza chupa ya samli.

Siku kumi na saba.
Umeme ulikatika mara mbili,
nikazitoa saa hizo, nne na nusu.
Mti haudanganyiki,
nami nilikuwa nimechoka kudanganya.

Kisha maji, bilauri, kando ya jiko.
Siku ya tisa, kijani chembamba kama ulimi wa paka.
Siku ya kumi na nne nikaingia jikoni alfajiri
kuwasha moto wa chai,
na vijiti vyote vitano vilikuwa vimefunguka,
vyeupe, na wekundu kidogo ukingoni,
kila ua kwa wakati wa mwenzake.
Nje, bustani nzima ilikuwa mifupa.

Nilimpelekea. Hakuona,
akapitisha petali mdomoni,
polepole, kama anayeonja chumvi.
"Ngapi?"
"Mia sita na kumi na mbili, baba.
Zilizobaki ni za dukani."

Alicheka mpaka akakohoa.
Nikamshika mgongo. Akanyamaza muda mrefu,
ua bado limeganda kwenye ndevu,
na miti yetu mia tatu na arobaini
ikisubiri ng'ambo ya ukuta.

"Hiyo friji ya Lachho," akasema,
"ina ukubwa gani?"