Inchi Sita

Sista Felista alinisimamisha, akanikalisha,
akaniambia niiname kama ninayefunga kamba za viatu.
Alikuwa akitafuta mahali ambapo tumbo halijikunji.
Kisha akachukua kalamu ya wino mzito
akaweka nukta ya buluu, kulia kwa kitovu.
"Hapa. Usiifute ukioga."

Nami, fundi wa Keko, miaka thelathini na moja
nikiweka nukta kama hiyo juu ya mninga,
nilijua maana yake:
kesho msumeno.

Walitoa kibofu. Kilikuwa na uvimbe
ambao daktari wa Muhimbili aliutafutia mwanzo mbali,
kwenye majaruba ya mpunga kwetu Magu,
maji ya magotini, mimi na Masalu mtoto wa mjomba
tukishindana nani anakojoa mkojo mwekundu zaidi,
tukidhani ndio uanaume.

Wakakata utumbo, inchi sita.
Ncha moja wakaishona,
ya pili wakaitokeza nje kwenye ile nukta ya buluu.
Figo zote mbili zinamwaga humo.
Hakuna koki.
Nilimuuliza daktari mara mbili: hakuna koki?
"Hakuna, Fundi. Ni bomba. Linatiririka tu."

Najua kiungo kizuri nikikiona. Hiki kimekaa.
Kidomo chekundu, chenye unyevu,
kama ndani ya shavu la mtoto.
Ukikigusa hakiumi. Hakina habari nawe.

Kinachonishangaza ni ule utumbo.
Hakuna aliyeuambia kwamba umehamishwa kazi.
Bado unajikunja na kujikunjua, unasubiri ugali.
Bado unatoa ute, nyuzi nyeupe mfukoni,
kama yule jirani yetu aliyestaafu bandarini
anayeamka saa kumi alfajiri, anavaa ovaroli,
anakaa ukingoni mwa kitanda
mpaka kupambazuke.

Mwezi wa kwanza mfuko uliachia nikiwa kazini.
Mteja wa Mbezi amekalia kochi jipya, anabonyeza sponji,
nami nahisi joto likishuka pajani.
Nikaangusha kopo la thina, makusudi,
harufu ishinde harufu.
Kochi alilichukua.
Mimi nilirudi kwa bajaji, nimekalia gazeti.

Wiki tatu sikutoka ndani.
Semeni hakuuliza. Alitoa kanga yake kuukuu
akanishonea mshipi wa kubebea mfuko.
Mkasi ukapita katikati ya maneno:
kiunoni mwangu pameandikwa USINIONE.
KIMYA imebaki jikoni, inashikia sufuria.

Mfuko mmoja ni nyama ya Jumapili.
Wanasema siku tatu.
Mimi nauvusha hadi ya tano, kwa plasta na sala.

Usiku naunganisha mpira na chupa chini ya kitanda.
Tone. Tone. Kisha mchirizi.
Usiku mmoja gizani Semeni akasema:
"Mtaa mzima maji hakuna tangu Jumanne,
kwako tu yanatoka."
Tulicheka hadi mshono ukanivuta.

Kuna jambo jingine daktari alilitaja haraka,
macho yakiwa kwenye faili:
mishipa ile inapita karibu mno na kibofu.
Hilo sina la kulisema zaidi.
Tunalala ubavu wa kushoto.
Mkono wake uko kifuani pangu,
hauteremki,
wala haukimbii.

Jumamosi nilikwenda uwanjani, mara ya kwanza.
Filimbi ya mapumziko, wanaume wote wakainuka,
foleni ya choo ikazunguka hadi kwa wauza karanga,
watu wakibana miguu kama watoto.
Ngwali akanishika bega: "Fundi, huendi?"

"Naenda sasa hivi," nikamwambia,
nikaendelea kukaa.