Fundi wa Mwanga

Cherehani yangu iko Mwanga, nyuma ya soko,
ubavuni mwa wauza mawese,
na ugonjwa wangu, mzaha wa Mola, ni wa viraka.
Cha kwanza kilitokea kiunoni, chekundu, kikavu.
Nikasema choa. Nikapaka mafuta miaka minne.
Kisha likaja neno saratani,
nikalitafutia pindo la kulikunjia
wateja wasilione.

Daktari Gwimo alinichorea nyuma ya kadi ya kliniki.
"Vinasaba ni zipu," akasema, kwa kuwa mimi ni fundi.
"Seli ikitaka kuzaa, hufungua zipu.
Kidonge hiki huingia katikati ya meno, kikalala.
Hakiumi, hakisemi,
mpaka mwanga ukigonge.
Hapo hushona upande huu na huu,
na zipu iliyoshonwa haifunguki kuzaa."
Nikauliza: na zipu za seli zisizo na kosa?
Akakuna kidevu kwa kalamu.
"Hizo pia, baadhi. Ndiyo maana tunahesabu dakika."

Nikamkumbuka mama, Ujiji,
akikamulia ndimu migebuka ya arusi,
saa sita mchana, uani, mikono wazi.
Usiku alilala vizuri. Kesho yake malengelenge,
kisha michirizi ya kahawia
iliyofuata njia ya maji ya ndimu mpaka kiwikoni,
ikakaa hadi Ramadhani.
Mashangazi walitaja majina ya majirani.
Daktari alicheka: "Kidonge chako na ndimu ile
ni mtu na binamu yake."

Kabati la taa lililokuja kwa treni
liliwaka wiki mbili. Umeme ukakatika, ukarudi na hasira,
likaungua; sasa linatunza mashuka.
Sista Leokadia akasema, jua halijakatika.
Akanisimamisha kati ya tangi la maji na kamba ya nguo,
saa mbili baada ya kumeza,
bukta na miwani myeusi,
macho yake kwenye saa.
Dakika nne. Wiki iliyofuata, sita.
Sikuomba dua. Niliwaza sindano tu,
maelfu kwa maelfu, bila mlio.
"Geuka," anasema.
Nageuka, kama chapati.

Baada ya hapo jua ni haramu kwangu mpaka kesho.
Natembea na mwavuli Julai, mikono mirefu, glovu.
Cherehani nimeiingiza ndani, pazia chini,
na hewa naifuata usiku, juu ya mteremko,
taa za wavua dagaa zikijipanga ziwani
kama vifungo kwenye koti la mtu asiyeonekana.

Lugha yetu ina ubahili wake:
mtaa ni Mwanga, dawa ni mwanga,
na anayekwepa mchana akazurura usiku,
huyo naye ni mwanga.
Wateja wakapungua.
Mtoto wa Bi Nyamwiza akanirushia chumvi.

Ila Bi Nyamwiza mwenyewe alikuja, Alhamisi, saa tatu usiku,
na suruali ya shule, zipu imekwama nusu njia.
Hakuvuka kizingiti.
"Wanasema wewe..."
"Najua wanavyosema. Lete."
Meno matatu hayakuwepo.
Nikafumua, nikatia mpya, nikaipandisha, nikaishusha,
nikaipandisha tena bila sababu,
ikifunguka na kufungika
kwa sauti ile ndogo ambayo miaka yote sikuwahi kuisikiliza.
Akalipa elfu moja, akaacha na ndimu tatu mlangoni.
Nimeziweka mbali na dirisha.

Viraka vilikuwa kumi na tisa.
Jana nimehesabu kumi na vinne,
lakini kioo kina ufa, na mgongo siufikii wote.
Jumatatu ni dakika tisa.